Vidole Vinne

Ninalipia arobaini. Ninapewa tatu.
Nimepima alfajiri, nimepima usiku wa manane
Migosi yote ikiwa imelala, hata mbwa wa Wandiga,
na mshale ukapanda, ukatetemeka,
ukarudi pale pale: tatu nukta moja.

Faili lenyewe ni moja. Gigabaiti nne
za harusi ya Akeyo kule Voi,
harusi ambayo Mama hakwenda
kwa sababu ya nyonga.
Chini ya skrini pameandikwa: zimesalia saa kumi na tisa.
Baada ya chai: saa ishirini na tatu.
Sijaona safari ya namna hii,
unatembea, na kwenu kunarudi nyuma.

Nimezima, nimehesabu hadi thelathini, nimewasha.
Ndilo la kwanza watakalokuambia,
na la pili, na la tatu.
Nimeishusha ruta kutoka juu ya friji,
nikaipandisha kwenye rafu, ubavuni mwa Biblia,
antena moja nikaielekeza ziwani, nyingine Riat,
kama mtu anayesaka habari redioni
mwaka wa themanini na mbili.
Tatu nukta nne!
Nikashangilia peke yangu, kisha nikaona haya.

Ndipo nikaanza kushuku watu.
Nilifungua orodha ya vilivyounganishwa: vifaa kumi na kimoja.
Nyumba hii ina watu watatu.
Cha Ochanda, changu, cha Mama, televisheni,
halafu hawa wageni: Simba wa Migosi, Simu ya Shem,
Simu ya Shem ya Pili.
Shem ni kinyozi wetu pale langoni.
Nikabadilisha nenosiri, nikaweka jina la fahali wa marehemu baba,
jina ambalo Shem hawezi kulikisia hata akiota.
Jumamosi alininyoa kimya kimya
na kunikwaruza sikio.
Na kasi? Tatu.

Huduma kwa wateja walinipigia muziki
dakika arobaini.
Hizo arobaini, angalau, nilizipata zote.

Alhamisi akaja Nasambu, fundi,
buti zake zina tope la Kibos.
Ruta hakuigusa. Aliisimamia tu, akauliza,
"Mmesogeza nini humu ndani tangu Aprili?"

Tulisogeza kabati.
Tulilisukuma hadi ukutani, mimi na Ochanda, kwa mabega,
ili kitanda cha Mama kipate kuingia sebuleni
alipotoka Ugunja, hawezi tena ngazi.

Nasambu akalala kifudifudi, tochi mdomoni,
akauvuta ule uzi kutoka nyuma ya kabati,
mweupe, mwembamba kama tambi,
umekunjika kama goti la mtu aliye kanisani.
"Ndani ya huu ni kioo, si shaba," alisema.
"Nuru haitaki kona kali. Ukiibana hainung'uniki.
Inavuja tu."

"Kumbe," Mama akasema kutoka kitandani,
"ni mimi niliyeilalia intaneti yenu."
Tukacheka. Kisha Ochanda akaacha kucheka,
akaenda kumwinulia mto.

Tukalivuta kabati vidole vinne.
Nasambu akatoa kile kipande kilichoumia, akaweka kipya,
akakizungusha kwa upana wa sahani,
akakifunga kwa utepe, bila kukaza.
Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Akakataa soda, akakubali ndizi.

Harusi ilishuka kabla uji haujapoa.
Mama akavaa miwani, akatazama dakika sita bila neno,
akauliza ni nani yule mwenye kofia ya zambarau.
Akasema nirudishe nyuma.
Nikarudisha. Akasema tena.
Alikuwa Konsolata, mdogo wake,
hawajazungumza tangu matanga ya babu,
amenenepa, anacheza, mikono juu,
anapita mbele ya kamera na kupotea.

"Hiki chombo chenu kina haraka," Mama alisema,
kidole kimeganda juu ya kioo.
"Hakiwezi kwenda polepole?"